Ukucha wa Bibi Mesuda

Fraji mwana wa Shushani alianza kutafuna kucha akiwa na miaka saba, wiki waliyomzika mama yake, na alipofika miaka ishirini na tisa, ana mke na ndevu, alikuwa bado anatafuna. Hakutafuna kwa njaa wala kwa hasira. Alitafuna kama wengine wanavyopepesa macho. Ungemkuta sinagogini, kitabu kiko mkono wa kulia, gumba la kushoto liko mdomoni, na ukimwuliza angekwambia kwa kweli kabisa kwamba hakujua mkono umefikaje huko.

Angekuwa fundi viatu, au mchuuzi wa sindano na nyuzi kama mimi, nisingekuwa na la kuandika. Mtu atafune kucha zake, ubaya uko wapi? Lakini Fraji alikuwa anajifunza kazi ya uchinjaji, na kwetu mchinjaji asiye na ukucha si mchinjaji.

Sababu ni kisu. Kisu cha kuchinjia hakitakiwi kuwa na pengo hata la unene wa unywele. Kabla ya kuchinja, na tena baada ya kuchinja, mchinjaji huyapitisha makali yake juu ya nyama ya kidole, kisha juu ya ukucha, polepole, kwenda na kurudi, upande huu na upande ule. Jicho halitoshi. Ukucha ukikwama kidogo tu, kisu kinarudi kwenye kinoo. Ukikwama baada ya kuchinja, basi nyama ile hatuli, hata awe fahali mzima.

Miaka hiyo, katika mtaa wetu wa Wayahudi wa Hara Ndogo, hapa kisiwani Jerba, Tunisia, tulikuwa tumebaki nyumba kumi na nane. Wengine walikwisha kwenda zao Marseille na Yerusalemu, na kila kiangazi milango miwili mitatu ilipigiwa misumari. Mchinjaji alikuwa mmoja, Rabi Makluf, mzee wa miaka sabini na sita, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Hara Kubwa walikuwapo wachinjaji, lakini ni mwendo wa saa moja na nusu juani, na hakuna bibi kizee atakayembeba kuku wake huko kila wiki. Kwa hiyo kila mtu alijua: Rabi akikiweka kisu chini na pasiwe na wa kukiokota, mtaa umekwisha. Wa kukiokota alikuwa Fraji peke yake. Sheria alizijua zote, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Kilichokosekana ni ukucha.

"Nipe mkono," Rabi Makluf alimwambia siku moja mbele yetu.

Fraji akautoa kwa aibu.

"Huu mkono au mguu wa bata?"

"Nitaacha, Rabi."

"Hayo ulianza kuniambia kabla hujaota ndevu. Kisu kinakuuliza swali, wewe unakijibu kwa nyama. Rudi kwangu ukiwa na ukucha wa gumba la kushoto. Mmoja tu. Sikuombi kumi."

Mkewe, Kamuna, alimpaka shubiri vidoleni. Wiki ya kwanza Fraji alitema mate kutwa. Wiki ya tatu akaizoea. Kamuna akampaka pilipili yetu nyekundu ya kusaga, yenye kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, na Fraji akasema kinachokosekana ni mkate tu. Kisha Kamuna akashika mimba, ya kwanza baada ya miaka mitano ya kungoja, na hapo mambo yakawa makubwa. Kwetu kipande cha ukucha hakitupwi ovyo. Huchomwa au huzikwa, kwa maana tunaamini mjamzito akikikanyaga, mimba yake huharibika. Kamuna akawa anamfuata mumewe na ufagio nyumba nzima.

"Fraji! Umetemea wapi?"

"Sijatema."

"Basi umemeza. Afadhali. Inua miguu nifagie."

"Roho yangu, nisamehe."

"Nikusamehe mimi, au huyu aliye tumboni? Hata jina lako hajalijua, na tayari umeshamtegea mitego!"

Ungedhani hofu hiyo ingemwachisha mtu yeyote. Fraji ilizidi kumtafunisha.

Akageukia nadhiri. Aliapa kwa jina la Mungu kwamba hatatia kidole kinywani, na kweli, alikaa wiki tatu. Siku ya kwanza ya wiki ya nne alikuja mbio kwa Huwita, fundi wa fedha, akatukuta watu watatu tunakunywa chai. Kwetu watu watatu wakikaa pamoja wanaweza kumfungua mtu nadhiri yake akionyesha kwamba anaijutia. Tukamwonea huruma, tukamfungua, tukasema mara tatu kama ilivyo desturi, umefunguliwa, umefunguliwa, umefunguliwa, naye akaenda zake akitafuna. Akaapa tena. Tukamfungua tena. Mara ya nne Rabi Makluf akatuita sote watatu.

"Nasikia mmefungua duka la kufungua watu."

"Rabi, alikuwa analia," nikasema.

"Nyinyi ndio mnaomlisha kucha. Mmoja anaapa kama anayenunua njugu, watatu wanamfungua kama wanaomenya. Nadhiri za namna hii sitaki kuzisikia tena. Huyu anafunga mlango ambao ufunguo wake uko kwenu."

Alisema kweli, nami niliona haya.

Baada ya hapo ndipo likatokea la kuku wa Bibi Mesuda. Bibi huyu alikuwa mjane, mwenye sauti ya kuita watu kutoka paa hadi paa. Alikuwa na binti mmoja tu, Rina, aliyeolewa Marseille, na Rina alikuwa anakuja kumwona kwa Sabato moja, mara ya kwanza kwa miaka sita. Mesuda alikuwa amemfuga kuku wake tangu majira ya baridi kwa ajili ya siku hiyo. Ijumaa asubuhi Rabi Makluf akaamka na homa.

"Leo hapachinjwi," Rabi alituma neno.

Mesuda akamfuata Fraji nyumbani, kuku kwapani. Akamsihi. Fraji akachukua kisu, akakipitisha kwenye nyama ya kidole, akakipitisha kwenye kile kibaki cha ukucha, asisikie kitu. Akachinja, akaifunika damu iliyomwagika kwa mchanga akiwa amesema baraka yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akakipeleka kisu kwa Rabi kitandani. Rabi akakipitisha mara moja kwenye ukucha wake, akasita.

"Pengo," akasema. "Karibu na mpini. Umechinja nini kwa hiki?"

Paka wa mtaa walishiba Ijumaa ile. Rina alikula mayai na viazi mezani kwa mama yake. Jumapili akaondoka, akamwachia karatasi za safari zilizokwisha jazwa, za meli ya baada ya Sikukuu ya Vibanda.

"Mama, hata kuku hamwezi kuchinja huku tena," alimwambia. "Unabakia nini?"

Mesuda akazikunja karatasi, akazitia sandukuni.

Fraji alilia. Alifunga kula Jumatatu na Alhamisi. Siku arobaini hakutafuna, ukucha ukaanza kujitokeza kama mwezi mwandamo, na siku ya arobaini na moja akautafuna wote. Nilikuwa mlangoni kwa Mesuda, namkatia uzi, alipokuja kumwambia.

"Nimerudia, Bibi."

"Naona. Hata kipofu angeona."

"Kila mkono ulipopanda nilimwona binti yako anakula mayai. Ikawa inanichoma, nashusha mkono. Jana nikaona mayai tu, hayakunichoma."

Mesuda akauweka uzi kando.

"Kisu cha Rabi umewahi kukitafuna?"

"Nitafune kisu? Nina wazimu?"

"Si makali. Mpini. Ule ni mti mzuri wa mzeituni."

"Si changu, Bibi. Ni cha jamii."

"Na kucha je?"

"Za kwangu."

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Niuzie huo wa gumba."

Nikacheka. Fraji hakucheka. "Mtu hauzi ukucha, Bibi."

"Tunis wanawake wanauza nywele zao kwa wasuka nywele za bandia. Nywele zinaota, ukucha unaota. Wewe," akanigeukia, "mwite Huwita. Nataka mashahidi wawili, japo ni nyinyi."

Huwita akaja na aproni yake. Mesuda akachomoa leso kiunoni, akampa Fraji pembe yake. Kwetu ndivyo mali inavyobadili mikono: mnunuzi anatoa leso, mwuzaji anaishika na kuiinua, imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Fraji akaishika. Gumba lile lilikuwa na damu bado. Akaiinua.

"Ukucha ni wangu," akasema Mesuda. "Umekaa kwako kama amana. Ukiutafuna, umekula mali ya mjane."

Fraji akabadilika rangi, na msomaji aelewe kwa nini. Alilokosa mtu kwa Mungu, siku ya kufunga, Siku ya Upatanisho, husamehewa akilia vya kutosha. Alilomkosea mwenzake halisamehewi mpaka aende mwenyewe akabishe hodi kwake. Na nadhiri tungeweza kumfungua sisi watatu tukinywa chai, lakini mali ya Mesuda angeisamehe Mesuda peke yake.

Tukampelekea Rabi Makluf habari. Alisugua ndevu.

"Kisheria sidhani kwamba mtu anaweza kuuza kiungo cha mwili wake. Ni swali gumu. Niacheni nisome."

"Utatujibu lini, Rabi?" Huwita akauliza.

"Ukucha ukishaota."

Kuanzia hapo kila Ijumaa asubuhi Fraji alisimama mlangoni kwa Mesuda na gumba nje.

"Nionyeshe mali yangu," Mesuda angesema, akiligeuza gumba juani kama mtu anayechagua bilinganya. "Hapa pembeni pamechubuka."

"Nilikuwa nabeba mawe, Bibi."

"Mawe yana meno siku hizi? Haya, nenda. Na unawe, mali yangu ina unga."

Watu walicheka. Wanawake walimpigia kelele kutoka paani, "Fraji, kodi ya ukucha umelipa?" Naye akacheka nao, ukucha ukaota. Kumi zile nyingine bado alizitafuna, tisa yaani, lakini hilo gumba alilishikilia nje ya ngumi kama mtu aliyebeba yai. Ulikuwa sasa umefika ncha ya kidole.

Katikati ya kiangazi uchungu ukamshika Kamuna. Ulianza asubuhi na mchana ulikuwa bado. Mkunga alitoka mara mbili kuchukua maji bila kusema kitu. Fraji alikuwa uani, mgongo ukutani, na nilikaa naye kwa sababu hakuwa na baba wa kukaa naye. Kamuna alipopiga kelele nilitazama chini. Nilipoinua uso mikono yote miwili ya Fraji ilikuwa kinywani, na damu ilikuwa inamshukia kwenye kiganja cha mkono. Mtoto alitoka salama, msichana, na mama yake salama. Fraji akaenda kumpokea na gumba limefungwa kitambaa.

"Nimejikata," aliwaambia watu.

Ijumaa hakwenda kwa Mesuda. Jumapili akaenda. Najua kwa sababu nilikutana naye njiani akasema, "Twende wote, peke yangu nitarudi."

"Mali yangu iko wapi?" Mesuda akauliza.

Fraji akafungua kitambaa. Mesuda akaangalia.

"Ulianza lini?"

"Kamuna alipokuwa analia."

"Ukaumaliza?"

"Nikaumaliza. Na Ijumaa nilikudanganya kwa kutokuja. Nisamehe, Bibi."

"Sikusamehe." Akafunga mlango.

Jumatatu akarudi. "Sikusamehe," Mesuda alisema kupitia mlangoni, hata hakufungua. Desturi yetu ni kuomba mara tatu. Ukikataliwa mara ya tatu, dhambi inamrudia anayekataa, na wengi huenda mara ya tatu wakiwa wepesi kwa sababu hiyo. Nilidhani na Fraji atafanya hivyo, aombe, akataliwe, awe huru. Jumanne akabisha tena.

"Sikuja kuomba," akasema mlango ulipofunguka. "Nimekuja kukuonyesha. Tangu juzi sijaugusa. Angalia, kuna uzi mweupe hapa chini. Sijui kama nitafika mwezi, Bibi. Nimekwisha sema milele mara nyingi mno, sitaki kukwambia milele tena. Mpaka Ijumaa nafika."

Mesuda akamvuta mpaka juani. Akalishika gumba kwa vidole viwili, akalitazama mpaka nikaona haya kusimama pale.

"Mpaka Ijumaa," akasema, "hilo naweza kuliamini. La milele sikuliamini hata kwa marehemu mume wangu. Nimekusamehe. Ondoka, chakula changu kinaungua."

Kisha akaniita ndani nimwandikie Rina barua, kwa kuwa mimi najua herufi kiasi. "Andika hivi. Karatasi ulizoniachia ninazo. Nitakujibu baada ya Fraji kupimwa na Rabi. Akishindwa, nakuja. Akishinda, nina mali huku na siwezi kuiacha."

"Nimweleze ni mali gani?"

"Mweleze mali tu. Akijua ni ukucha atamtuma daktari."

Ikawa hivyo, wiki hadi wiki. Ijumaa akifika, anasema mpaka Ijumaa. Nilimwangalia sana sinagogini majuma yale, Mungu anisamehe, nilimwangalia yeye kuliko kitabu. Mkono ulikuwa bado unapanda. Watu hudhani mtu akishinda tabia mkono hulala. Haukulala. Ulipanda hadi kwenye ndevu, ukasita, ukashuka kama mtu aliyekosea mlango. Siku moja nilihesabu mara kumi na tisa katika sala moja ya alasiri. Alikuwa na kinoo kidogo mfukoni, na mkono uliposhuka ulikwenda kukishika. Kazi aliyoifanya mtu yule akiwa ameketi kimya ilikuwa kubwa kuliko ya wabeba magunia, na hakuna aliyemwambia pole.

Siku tano kabla ya Siku ya Upatanisho, Rabi Makluf akatandika kitambaa cheupe uani pa sinagogi, akapanga visu vitano. Asubuhi, jua limepanda kiasi. Tulikuja karibu wote, na Mesuda alikuwa mbele, kwenye kivuli, mikono imefumbatwa.

"Niambie kipi kinafaa na kipi hakifai," Rabi alisema. "Ukikosea kimoja, basi."

Fraji akachukua cha kwanza. Nyama ya kidole, ukucha, kwenda, kurudi. "Safi." Cha pili kilimkamata mapema. "Pengo, katikati." Rabi akaitikia kwa kichwa. Cha tatu safi. Cha nne safi. Cha tano alikipitisha, akasimama, akakipitisha tena akiwa amefumba macho.

"Kina pengo."

Rabi akatabasamu kidogo. "Hicho ni changu mwenyewe. Nimekinoa alfajiri ya leo na nimekipitisha. Angalia vizuri, mwanangu. Usiogope."

Mkono wa Fraji wa kushoto ukaanza kupanda. Niliuona, na Mesuda aliuona, maana alikohoa. Ukafika kifuani ukarudi kwenye makali.

"Siogopi, Rabi. Kina pengo. Karibu na ncha, upande wa ndani."

Rabi Makluf akakichukua kisu, akakipitisha kwenye ukucha wake mnene wa manjano. Mara moja. Mara tatu. "Sisikii kitu," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine. Huwita akaenda mbio dukani kwake akaja na kioo chake cha kukuza, kile anachokibana kwenye jicho akichonga pete. Akainama juu ya kisu.

"Lipo," akasema. "Dogo. Kama limetobolewa na sindano."

Rabi Makluf akaketi. "Sijachinja nacho tangu nikinoe," akasema kwanza kabisa. "Ashukuriwe Mungu, sijachinja nacho." Akautazama ukucha wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akavifunga visu vyote vitano katika kile kitambaa, akampa Fraji mikononi.

"Kuanzia leo, mimi nitakushikia miguu ya kuku," akasema.

"Rabi, na lile swali?" Huwita akauliza. "La kuuza kiungo cha mwili?"

"Bado nasoma."

Siku ya kuamkia mfungo wa Upatanisho ndiyo siku ya kazi kubwa kwa mchinjaji, kwa sababu kila nyumba huleta kuku wa kafara, jogoo kwa kila mwanamume na tetea kwa kila mwanamke. Foleni ilianzia uani ikatoka hadi kisimani. Fraji alipima kisu kabla ya kila mmoja na baada ya kila mmoja, na jua lilikuwa kali. Mbele ya foleni, bila kuomba nafasi, alikuwa Bibi Mesuda na tetea mweupe. Fraji akakipitisha kisu, akasimama, akachukua kinoo. Akanoa. Akapitisha. Akanoa tena.

"Jamani, nitazeeka hapa!" Mesuda akapiga kelele. "Kuna watu nyuma yangu!"

"Bado, Bibi."

"Bado nini? Rabi Makluf angekwisha wachinja kumi!"

"Ukucha wako haujaridhika," Fraji akasema bila kuinua macho, akanoa.

Mesuda akamhamishia tetea kwenye kwapa la pili, akasogea kando ya ukuta, akasubiri zamu yake mpaka kisu kikawa safi.